Siku Bibi Aliponitunza Katikati ya Wimbo wa Kijerumani

Enzi zetu, na msinicheke, nina miaka kumi na sita lakini enzi ni enzi tu, kwaya ya shule ya msingi ilikuwa kazi. Nyinyi mliosoma nami hapa Thornton Heath, London, mnakumbuka: ukumbi unanuka viazi vya mchana, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza shingo, na Miss wa muziki anatufundisha nyimbo za mapenzi za Kijerumani, sauti nne, watu wawili kwenye piano moja. Watoto wa miaka kumi na moja, tunawalilia wapenzi tusio nao!

Mama hakupenda. "Mapenzi gani hayo, na wewe hata kitanda hujui kutandika?" Lakini Bibi, aliyekulia Unguja masikio yamejaa taarabu, alinitaka nimfasirie kila ubeti huku akikaanga bajia. Nilipofika pale mwanamke anapowasuta wanaomsengenya kwa sababu ya mpenzi wake, mwiko ukasimama hewani.

"Kumbe Wajerumani nao wana vijembe!"

Ubeti huo ndio niliopewa niimbe peke yangu. Miss alikuwa ameshanitoa kwayani mara mbili kwa utani wangu. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Na wazazi aliwaonya mapema: hakuna makofi mpaka nyimbo zote ziishe, hakuna kusimama.

Siku ya onyesho ikafika, nikaanza. Mstari wa pili tu, nikaona kanga inainuka safu ya tano. Bibi! Mkono unapunga noti, mabega yanafuata piano, anakuja taratibu katikati ya ukumbi. Kwetu mwimbaji akikugusa unaondoka kitini ukamtunze kwa noti palepale. Ukikaa kimya umemwambia hajui kuimba. Watu wakaanza kucheka. Mama akajificha nyuma ya karatasi ya ratiba. Mwenzangu akaninong'oneza, "Yule si bibi yako?"

Ningeweza kutazama viatu. Nikamtazama Bibi. Nikamwimbia yeye, kwa sauti ya kukomoa, na waliocheka nikawasuta kwa Kijerumani safi. Akanibandika noti yake kifuani, akarudi kitini kwa madaha.

Kesho yake Miss akanisimamisha mbele ya kwaya. "Omba radhi kwa alichofanya bibi yako, urudi mstarini."

"Miss, bibi yangu ndiye peke yake aliyesikiliza."

Nikatolewa mara ya tatu. Nyumbani Bibi akaniuliza polepole, "Nimekuaibisha, mjukuu wangu?"

"Hasha, Bibi. Wao ndio hawajui kutunza."

Siku hizi darasa la sita, mdogo wangu akiwemo, wanaimba mbele ya wazazi walionyanyua simu. Ukumbi mzima mikono juu, na hakuna hata mmoja anayempa mtu kitu. Zamani walau walitucheka kwa macho yao wenyewe.

Mwezi ujao kwaya yetu ya sekondari inaimba nyimbo zilezile, na ubeti ule nimeuomba mwenyewe. Mwalimu ameshatangaza: hakuna kusimama. Magoti ya Bibi nayo siku hizi yako upande wa mwalimu. Basi nimemwekea kiti cha mbele kabisa, pembeni mwa njia, na mkoba wake wa noti ataupakata mapajani. Akishindwa kuinuka, nitashuka jukwaani mimi, nikiimba.