Injini Iliyokataa Kuzimika

Agnetha alijifunza injini kwa baba yake, fundi wa karakana ya reli kule Mlimba, ambaye mikono yake ilinuka dizeli hata baada ya kuoga. Kaka zake walishika majembe ya mpunga, yeye akashika spana. Alipofungua gereji yake Ifakara, upande wa Lumemo, wateja wa mwanzo walikuwa wakimkuta mlangoni na kumuuliza fundi yuko wapi. Siku hizi hawaulizi tena, wanamwita Mama Rose, kwa jina la binti yake. Mwenzake kazini ni mzee Barnaba, fundi mkongwe kutoka Mahenge, mtu wa maneno machache, ambaye humwita "mwanangu" hata mbele ya wateja.

Masika yalipokatika mwaka huu, Abdulswamad alimletea lori lake. Ni mfanyabiashara wa mchele mwenye duka karibu na soko. Hununua mzigo Mlimba na kuupeleka Dar es Salaam.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba, Mama Rose. Gari limenishinda. Tambarare huku bondeni linakwenda vizuri, lakini likianza vilima vya Mikumi linapanda kama mgonjwa. Malori mengine yananipita, makondakta wao wananipungia mkono."

Akatoa simu, akamwonyesha picha ya kemshafti inayong'aa. Vijana wa Dar walikuwa wamemwambia kwamba akiifunga hiyo, lori litaruka.

"Litaruka likiwa tupu, tajiri," Agnetha akamwambia. "Wewe unabeba mchele."

Akachukua kemshafti kuukuu iliyokuwa kwenye rafu, akamwekea mkononi. Ni mhimili mrefu wa chuma wenye vinundu. Kila kinundu kikiinuka, kinafungua valvu, hewa inaingia au moshi unatoka. Ile ya kwenye picha ilikuwa na vinundu vikubwa mno. Injini ingepata nguvu ikizunguka kwa kasi sana, lakini kule chini, pale lori lenye mzigo linapoanza kupanda, ingekosa pumzi. Tena valvu zingeweza kugonga pistoni. Agnetha alitaka nyingine, yenye vinundu vilivyoongezwa kidogo tu, iliyotengenezwa kwa ajili ya malori ya mizigo.

Abdulswamad alibisha mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Haya, agiza hiyo yako."

Kemshafti mpya ilipofika kwa basi, wakashusha rejeta, wakafungua mbele ya injini na kuichomoa ile ya zamani taratibu. Ilipotoka yote, Barnaba aliipangusa kwa kitambaa, kisha mkono wake ukasimama.

"Mungu wangu! Mwanangu, hebu tazama."

Kinundu kimoja kilikuwa kimelika chote. Hapakuwa na kilichoinuka, palikuwa mviringo kama mpini wa jembe. Abdulswamad aliinama, akapapasa kwa kidole, akanyanyuka macho yamemtoka.

"Yaani nimepanda milima yote ile hivi?"

"Ulikuwa unapanda na silinda moja imezibwa pua," Agnetha alimjibu. Naye alikuwa ameshtuka. Chuma kilichosagika kingekuwa kimeenda wapi kama si ndani ya oili? Ikabidi wamwage oili yote, wafungue sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuiosha, wabadilishe na tapeti zote, vile vikombe vidogo vinavyosukumwa na vinundu.

Kazi ya kuirudishia ilikwenda kwa utulivu. Agnetha aliipaka kemshafti mpya mafuta mazito, akaiingiza akiizungusha polepole ili isikwaruze kuta. Akalinganisha alama za gia, kisha akaizungusha injini kwa spana, kwa mkono, akisikiliza kama kuna valvu inayogusa pistoni. Hakuna kilichogusa. Kilichobaki kilikuwa oili, maji na chujio la hewa, ambalo waliliacha nje kwanza ili wasikilize injini vizuri.

Abdulswamad aliomba kukaa yeye kwenye usukani. Akawasha.

Injini ilishika papo hapo. Ilinguruma kwa sauti nzito, laini, na Barnaba akacheka, jambo ambalo hulioni mara nyingi. Bernadeta, mama ntilie wa jirani, aliinua mwiko kutoka kwenye banda lake kuwapongeza.

Kisha sauti ikaanza kupanda.

"Tajiri, usikanyage mafuta!"

"Sijakanyaga!" Abdulswamad aliinua miguu yote miwili juu ya dashibodi ili aonekane.

"Zima!"

Akazima. Akachomoa ufunguo kabisa, akautoa dirishani, akaushika hewani. Injini haikujali. Ilizidi kupanda, ikapita ngurumo, ikawa inapiga yowe. Moshi mzito wa rangi ya majivu ulilifunika lori, ukaifunika gereji, ukavuka barabara. Barnaba aliruka akang'oa bomba la dizeli. Dizeli ilimwagika chini, na injini ikaendelea bila dizeli. Mzee yule, aliyekaa na injini maisha yake yote, alirudi nyuma mdomo wazi.

Abdulswamad aliruka chini akaacha viatu. Watu walikimbia. Agnetha alibaki amesimama palepale. Anasema hadi leo hakumbuki mlio wowote wa dakika ile. Aliona tu midomo ya watu ikifunguka na kufumba, na lori likitetemeka kama linataka kunyanyuka.

Kilichomwamsha ni kofia. Abdulswamad, katika kutaka kusaidia, aliivua kofia yake akaisogeza kwenye bomba la hewa lililokuwa wazi. Bomba liliinyakua ikapotea ndani. Ndipo Agnetha akaelewa: injini inakula oili yake yenyewe, na oili hataweza kuinyima. Hewa ataweza.

Alikimbilia banda la Bernadeta, akauvuta ubao wa kukatia mboga, kabichi ikatawanyika chini. Akarudi ndani ya moshi, akaukandamiza ubao kwenye mdomo wa bomba kwa mikono miwili na kifua. Bomba liliunyonya ubao kwa nguvu iliyomvuta na yeye. Injini ikakoroma. Ikatikisika mara ya mwisho, ikafa.

Kimya kilichofuata kilitisha kuliko yowe. Bernadeta alikuwa analia. Mtu mmoja nyuma ya moshi alikuwa anasali Salamu Maria, mwingine anasema Allahu Akbar. Vidole vya Agnetha vilikataa kuachia ubao. Barnaba na Abdulswamad walivibandua kimoja kimoja.

Alipoweza kusimama, alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, imepanda mpaka karibu na mshikio.

"Nani alijaza oili?" akauliza.

"Mimi," alisema Barnaba. "Ulipokwenda dukani kufuata gasketi."

Agnetha alikishusha kijiti. "Na mimi nilijaza, niliporudi. Wewe ulikuwa umefuata maji ya rejeta."

Walitazamana. Oili ya magari mawili ndani ya injini moja. Ilifurika, ikapanda kupitia bomba la kupumulia, ikaingia kwenye njia ya hewa, na injini ikaikuta ni chakula. Wala kemshafti haikuhusika.

"Mwanangu, ningekuua," Barnaba alisema, akakaa chini kwenye vumbi.

"Tungeuana, mzee."

Agnetha alimweleza Abdulswamad kila kitu bila kupunguza, akamwambia ana haki ya kulipeleka lori kwingine. Yule tajiri, pekupeku, uso umejaa masizi, alijipangusa macho.

"Fundi mwingine hatajua kilichotokea," alisema. "Nyinyi mnajua. Fungueni upya."

Walifungua. Fimbo mbili za kusukumia valvu zilikuwa zimepinda, vipande vya kofia vimeganda njiani mwa hewa. Pistoni zilikuwa salama, beringi salama, kemshafti mpya haina hata mkwaruzo. Barnaba hakuamini, akaipapasa tena na tena.

Siku ya kuwasha mara ya pili, Agnetha alipanda kwenye kiti akashika ufunguo, na mkono ukagoma. Akateremka. Barnaba ndiye aliyewasha. Injini ilinguruma chini, imetulia, na Agnetha akasimama amebana pumzi akisubiri sauti ipande. Haikupanda. Barnaba alipozima ikazimika mara moja, na Agnetha akaangua kilio mbele ya wateja.

Baada ya hapo lori lilipakiwa mchele, likaondoka. Jioni simu ikaita.

"Mama Rose! Niko Mikumi. Limepanda vilima vyote, na nimewapita wawili! Gari limekuwa jingine kabisa."

"Tunamshukuru Mungu," alisema Agnetha. "Tajiri, ukilizima, linazimika?"

"Linazimika."

"Zima nisikie."

Alibandika simu sikioni. Alisikia ngurumo ikikatika, kisha mlango ukifungwa, na kwa mbali sauti ya mwanamke akiuza vitunguu kando ya barabara.