Mama alisahau uso yangu, lakini chai ya manjano alijua ni ya nani

Jambo kwenu wakuu.

Na wewe rafiki unasoma peke yako, simu mu mukono, keti kidogo. Nakuamini. Hii sijaambia hata ba mama tunasali nabo. Ni kweli yote, Mungu anaona.

Ilikuwa miaka ya vita, hapa Kisangani, commune Tshopo. Bwana yangu alipanda boti kwenda Kinshasa kutafuta bidhaa, kisha mto ikafungwa. Hakuna boti, hakuna barua. Ndugu zangu walikimbilia Isangi. Nikabaki na Mama yangu muzazi, na mutoto mu mugongo.

Alors, Mama akashikwa na malaria, ikapanda mu kichwa. Infirmier, ni muuguzi, akamutundikia dripu ya kinini, homa ikaisha. Akili haikurudi yote.

"Ubongo ilivimba, mama," infirmier aliniambia. "Inaweza kurudi, inaweza kukataa."

Asubuhi Mama ananiangalia: "We mama, uko nani? Béa yangu iko wapi?"

Béa ni mimi.

Wakuu, masasi ya bunduki nilikuwa nimeizoea. Hiyo, hapana. Mu muji muzima yeye tu alibaki wa kuniita Béa. Kwa majirani nilikuwa mama ya mutoto, basi.

Bon, kwetu tunakunywaka chai ya sinda, yale majani ya harufu ya ndimu, na manjano na tangawizi ya kutwanga. Mama ndiye alinifundisha, anasema inachunga kichwa. Nikapika kila mangaribi, kisha tunasali rozari. Salamu Maria hakusahau hata moja. Alisahau mimi.

"We mupishi, sukari umekula yote?"

"Mama, ni vita, sukari haiko."

"Na uso yako pia ni vita."

Nilicheka. Kisha nikaenda kulia nyuma ya nyumba, pale pale manjano yetu inaotaka mu udongo.

Mangaribi moja akakunywa, akasimamisha kikombe.

"Tangawizi mingi hivi? Hii ni Béa. Nimemukataza mara ngapi! Iko ku jiko? Muite."

Nikatoka. Nikasimama karibu na mafiga, mayi ya mto Tshopo inanguruma kule chini. Nikafuta macho, nikaingia tena.

"Béa, umekawia. Keti."

Nikaketi.

Haikuwa kila siku. Siku zingine nilibaki mupishi. Lakini akiniulizia, natoka, naingia. Hivyo hivyo mpaka Mungu alimuita.

Kisha vita kuisha, nilisoma masomo ya mangaribi. Mwalimu wa biologie akatueleza kama mu manjano na tangawizi kuna vitu vinapunguza kuvimba kwa ubongo, vinachunga kumbukumbu. Wamejaribu kwa panya. Kwa mutu hawajahakikisha bado.

Nikainua mukono: "Mwalimu, na kwa Mama yangu?"

"Mama, hiyo sijui."

Nilimuheshimu sana kwa ile jibu.

Donc nilichojifunza: homa ikipanda mu kichwa, hospitali kwanza, kesho ni mbali. Majani ni ya kusindikiza. Lakini pika na mukono yako, vile vile unapikaka siku zote, usibadilishe.

Ambaye alipitia hii, aandike hapa chini, nitasoma zote. Na uzi huu umutumie mutu anachunga muzazi mwenye kusahau. Pengine sasa hivi amesimama inje, karibu na jiko.

Mwambie aingie tena.