Bango la Lala Pema

Dada yangu akiwa na wasiwasi hupanga vyombo. Jumatatu ile nilimkuta jikoni kwake, saa za kazi zimeshaanza, anapanga sufuria kwa ukubwa, kubwa nyuma, ndogo mbele. Simu ilikuwa mezani kifudifudi, inatetemeka.

"Usiiguse," aliniambia. "Ni bosi."

Picha nilikuwa nimeshaiona, mimi na mji mzima. Lilikuwa bango la kiwanda cha magodoro, ambako dada ni afisa masoko, lile kubwa la kwenye mzunguko wa barabara. Mwanamke amelala chali, shuka jeupe hadi kidevuni, uso umetulia, na juu yake maneno mawili mekundu: LALA PEMA. Mtu fulani alilipiga picha akaandika chini yake, "Poleni wafiwa." Kabla sijamaliza chai, watu walikuwa wanaulizana mazishi ni lini.

"Ofisi nzima hakuna aliyeliona?" nilimuuliza.

"Mchoraji aliliona."

"Akasema nini?"

"Alidhani ndiyo ubunifu wenyewe."

Nilicheka. Mimi ni mshonaji wa nguo, siyo malaika. Lakini dada hakucheka, na nilipoona mikono yake inatafuta sufuria nyingine ya kupanga, nikaacha. Mkurugenzi alikuwa ameshamwambia wazi kwamba tangazo hili lisipouza, idara ya masoko inafungwa na kazi inapewa kampuni ya nje. Idara yenyewe ni yeye, mchoraji na meza mbili. Na kwa umri wake, hao wanaotangaza nafasi za kazi huandika kwamba wanataka mtu mwenye uzoefu, kisha wanamwita mwenye miaka ishirini na mitano.

Kazi hii aliianza enzi za redio. Tangazo lake la kwanza lilisema, "Nunua godoro, upate mto bure." Likasomwa msimu wa mvua, mitaa imejaa maji, watu wakapiga simu redioni kusema mto wao wameshaupata na umeingia hadi chumbani. Alilia wiki nzima, halafu akabadilisha ikawa "mto wa kulalia". Tangu hapo anasema kila neno lina ndugu wa kambo, na inabidi umjue huyo kabla hujamkaribisha mwenyewe. Redio ilipopungua nguvu akahamia magazetini. Magazeti yalipobaki ya kufungia vitu dukani, akajifunza matangazo ya simu kwa wanawe, huku wakimgombeza kama mtoto. Sijaona mtu anayeogopa mabadiliko kama yeye. Huogopa huku anakwenda.

Ndiyo maana nilikasirika. "Dada, wewe wa mto wa kulalia, hili lilikupitaje?"

"Sijui. Lilikuja lenyewe. Nilikuwa nimekaa tu, likaja limekamilika, nikaona kama nalijua siku nyingi."

Hapo nikaelewa. Mama yetu tulikuwa tumemzika mwezi uliopita. Alijilaza mchana, akalala moja kwa moja. Dada ndiye mkubwa wetu, kwa hiyo simu zote zilikuwa kwake, yake na ya mama, na rambirambi ziliingia mfululizo. Lala pema mama. Lala pema bibi. Lala pema jirani yetu. Alijibu asante kwa kila mmoja, kisha akarudi kazini haraka kwa sababu ya tangazo hili hili.

Mtu mpole angetafuta namna ya kumwambia. Mimi nilisema tu, "Dada, hilo ni neno la msiba wa mama. Umelitoa kwenye simu."

Alikaa chini na sufuria mapajani. "Nilidhani nimelitunga," alisema.

Mchana nilimsindikiza kazini. Mimi nilibaki mapokezi, na ya ndani alinisimulia baadaye. Mkurugenzi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimwambia aandike kwamba mchoraji ndiye aliyebadilisha maneno. "Yule bado kijana, atapata kazi kwingine. Wewe utapata wapi?"

Dada aliishika kalamu muda mrefu kuliko anavyopenda nijue. Kisha akasema, "Neno ni langu, bosi."

"Basi bango linashuka, na idara nayo."

"Subiri kidogo, bosi." Aligeuza karatasi ya tangazo, akaandika nyuma yake: LALA PEMA, AMKA MAPEMA. "Marehemu haamki," alieleza. "Anayeamka ni mzima aliyelala vizuri. Macho yote ya mji yako pale sasa hivi, bosi. Tuongeze kipande chini, na shuka tulipake maua."

Mkurugenzi alisoma kwa sauti, akarudia. "Na hili likigeuka?"

"Sijui kama halitageuka. La kwanza nililisoma peke yangu. Hili ngoja niwasomee watu."

Ndipo nilipomwona anatoka, uso umemkauka, bosi nyuma yake. Alitusomea mimi, dada wa mapokezi na mlinzi, akauliza kila mmoja linamkumbusha nini. Dada wa mapokezi alisema linamkumbusha mumewe, ambaye la kwanza analiweza na la pili limemshinda. Mlinzi alisema, "Zamu ya asubuhi." Mkurugenzi alicheka kwa pua. "Liwekwe kesho," alisema. "Wakilicheka vibaya, usije ofisini. Nipigie tu simu."

Kesho yake tulisimama ng'ambo ya barabara, mafundi wako juu ya ngazi. Dada alinishika mkono hadi ukafa ganzi. Kipande kilipokaa sawa, watu wakaanza kuinua vichwa. Mmoja alisoma kwa sauti akacheka, akamwonyesha mwenzake.

"Wanacheka vizuri au vibaya?"

"Vizuri."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Niachie mkono."

Simu ikaita. Alipokea, akasikiliza, akasema "sawa bosi" mara kadhaa, kisha akakata.

"Amesema nini?"

"Amesema kesho niwahi, maduka yanaomba mabango madogo."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameligeukia bango. Alilisoma mwenyewe, taratibu, kama anavyosoma maneno yake yote sasa. Nusu ya kwanza ilipita. Alipofika "amka", akaacha kusoma.

"Mama hakuamka," alisema.

Akakaa ukingoni mwa barabara na sketi yake ya ofisini, akalia kilio ambacho msibani hakukilia, maana msibani alikuwa anajibu simu. Wapita njia walitupa pole, na safari hii nilizijibu mimi.