Ubao wa Nne Kutoka Ngazini

Alang Sidek alipaka rangi baraza yake siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, na hilo ndilo kosa lenyewe. Lakini nani angemlaumu? Kumi la mwisho likiingia, kijiji kizima pale kando ya mto Perak hunuka rangi. Watoto wanarudi kutoka mjini, basi kila mwenye nyumba hushika brashi, mwenye ukuta mbaya na mwenye ukuta mzuri. Mvua nayo haijali Idi. Asubuhi jua kali, alasiri radi na maji, na mbao zinalala na unyevu wake.

Nyumba ya Alang imesimama juu ya nguzo kama za wenzake, na mbele ina baraza pana ya mbao, haina paa, jua lake na mvua yake. Miaka thelathini na tisa aliyeitunza ni mkewe, Kamsiah. Alang mwenyewe alikuwa mgema wa utomvu wa mpira, kazi yake alfajiri na usingizi wake mchana, na habari za mbao alizisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Kamsiah hakutaka rangi kabisa. Alitumia mafuta aliyoyachemsha na sandarusi kwa mkono wake, na hakuyapaka mpaka zipite siku tatu bila mvua. Siku ya nne alichota maji kwa kata kwenye mtungi wa kunawia miguu, akadondosha tone moja juu ya ubao, akakaa kulitazama. Tone likizama, alisema, "Huu una kiu," akaupaka. Tone likibaki limeviringana kama shanga, aliuacha akahamia mwingine.

"Siku hizi unazungumza na mbao?" Alang alimtania.

"Zinanijibu upesi kuliko wewe."

Kamsiah alifariki Shaabani, homa ya siku nne tu. Alang hakulia makaburini, wala kwenye hitima ya siku ya tatu, wala ya arobaini. Watu walisema mzee ana subira. Yeye hakuona subira yoyote. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, ila huu ulikuwa mwili mzima. Wakimwuliza kama amekula alijibu ndiyo, kisha akaenda kutazama sufuria ajue kama ni kweli.

Kwa hiyo binti yake Rosnani alipoleta makopo mawili ya rangi ya kahawia inayong'aa, baraza ipendeze kwa wageni wa Idi, Alang alisema sawa. Na jirani yake Pandak Samad alipokuja na brashi mbili akasema wawahi kabla ya mvua, alisema sawa.

"Mwaka huu itang'aa kuliko kipara cha imamu," alisema Pandak.

Alang alicheka kwa mdomo. Jioni ile aliketi peke yake kusubiri adhana, tende mkononi, asione tofauti ya rangi na isiyo rangi.

Wageni wa Idi waliisifu sana. Wiki tatu baadaye ikaanza kuota malengelenge kama mguu uliomwagikiwa uji wa moto. Maji yalikuwa yamefungiwa ndani ya mbao, jua likiwaka yanatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni huko juu tu, penye rangi. Ilipopasuka, mvua ikaingia chini yake. Ukaja utando wa kijani, mtelezi kama kambare. Rosnani alikuja Jumamosi moja, akapanda na sahani ya ndizi za kukaanga, akaketi chini bila kupenda, ndizi zikaenda kwa kuku.

"Baba! Ingekuwa wewe je? Uko peke yako hapa, nani angekuokota?"

"Pandak."

"Pandak naye angeteleza juu yako." Alijipangusa nyuma. "Bomoa hii kitu. Mume wangu ana mafundi, watamwaga zege, waweke vigae. Utakuwa unafagia tu."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa tu."

"Kila kitu sawa, sawa. Mama angekuchapa na mwiko." Kisha akasema taratibu, "Nakupa mpaka Idi ya kuchinja. Nikija nikikuta bado inateleza, mafundi wanaingia."

Asubuhi iliyofuata Alang alitoka na kahawa yake. Kamsiah alikuwa na mahali pake, ubao wa nne kutoka ngazini, na kikombe cha Alang kilikaa kushoto kwake. Alikiweka palepale, kama kila siku. Halafu akawaza: vikija vigae vyote vinafanana. Kikombe nitakiweka wapi? Hakusikia uchungu, alisikia usumbufu tu, kama wa mtu asiyejua ufunguo ameuweka wapi. Alikunywa, akashuka chini ya nyumba kutafuta patasi.

Alikwangua siku kumi na moja, magoti juu ya gunia. Rangi iliyoinuka ilitoka kwa vipande vikubwa, ile iliyong'ang'ania akaimaliza kwa msasa. Akasugua utando kwa maji ya majivu na brashi ngumu, akasuuza, akapitisha msumari katika kila mwanya wa mbao kutoa uchafu ili maji yapate pa kushukia. Kisha akaanza kuhesabu siku za jua. Mbili zikapita, mvua ikanyesha. Akaanza moja. Ikanyesha tena. Akaanza moja.

Pandak aliegemea nguzo ya ngazi. "Alang, wanaume hatukai eda. Wewe unahesabu siku za nini?"

Pandak mwenyewe alisikia alichokisema, akashika mdomo.

"Labda ndiyo hiyo," alisema Alang, akaendelea kutazama mawingu.

Siku ya nne ilipopatikana, Idi ilikuwa imebaki juma moja. Akachota maji kwa kata, akadondosha tone ubao kwa ubao. Zote zilikuwa na kiu. Ubao wa nne ulilimeza kabla hajalitazama. Aliubonyeza kwa kidole gumba, ukabonyea. Akaingiza kisu, kikazama mpaka mpini.

Hapo akakumbuka. Ubao ule alikuwa ameuchagua mwenyewe, siku walipojenga, wa karibu na gome, laini, kwa kuwa ulikuwa mwepesi kubeba. Kamsiah aliuona siku ileile na hakusema neno. Alikuwa akiupa mafuta mara mbili ya wenzake, miaka yote, huku ameukalia.

Alang aliung'oa kwa mtaimbo. Ulitoka bila ubishi. Chini ya nyumba palikuwa na mbao za akiba, ngumu, akakata moja, akaipigilia mahali pale. Kisha akachemsha mafuta. Hakuwahi kuonyeshwa vipimo, lakini redio ya jirani, kumbe, ilikuwa imemwingia: sandarusi kiasi gani, moto mdogo, povu likikoma epua. Akapaka tabaka jembamba, akafuta yaliyobaki juu kwa kitambaa, akaacha siku mbili, akarudia.

Rosnani alifika asubuhi ya mkesha wa Idi. Alinawa miguu mtungini, akapanda na nyayo zilizolowa, mkono kwenye kishikio cha ngazi, tayari kwa kuanguka. Hakuanguka. Akapiga hatua mbili, akasugua unyayo kwa makusudi. Kisha akarudi chini, akachota kata, akadondosha tone, akachuchumaa kulitazama. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Tone lilikaa juu ya ubao, limeviringana.

Akafika kwenye ubao mweupe.

"Huu mpya."

"Ule uliooza ndio uliokuwa hapo."

"Aliokuwa anaukalia Mama?"

"Huo."

Rosnani aliukalia. Baadaye akatoa simu, akamwambia mumewe awaambie mafundi wasije, na akakata kabla hajaulizwa sababu. Alang akaketi, akaweka kikombe kushoto kwa binti yake.

"Baba, umekula?"

Alang alifikiri kidogo.

"Bado," alisema, na hakuhitaji kwenda kutazama sufuria.