Brandi, Ndimu na Asali kwa Baba Mkwe

Asali haiyeyuki katika maji baridi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu kinywaji hiki, na mpaka leo nikimwona mtu anamimina asali moja kwa moja juu ya brandi, mikono yangu huanza kuwasha. Itazama chini ikae kama tope, na mnywaji atapata ukali wote mwanzoni na utamu wote mwishoni. Unachukua asali, unaitia maji ya moto kidogo, unakoroga mpaka iwe nyepesi kama mafuta ya simsim, kisha unaiacha ipoe. Ndipo unatia ndimu. Ndipo tangawizi iliyopondwa. Brandi mwisho. Unafunika pamoja na barafu, unatikisa kwa nguvu, unamimina.

Nilijifunza katika nyumba ya zamani juu ya kilima cha Arua, nilipokuwa msichana wa kazi, kabla ya vita vya mwaka wa sabini na tisa. Shule niliiacha darasa la sita. Mama mwenye nyumba, mke wa ofisa mmoja, alipenda wageni wa Jumamosi. Alinionyesha jinsi ya kufanya, akanisahihisha kidogo, halafu akaketi na wageni wake, na kazi ikawa yangu. Nilichanganya jikoni peke yangu, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi, nikapeleka glasi kwenye sinia. Yeye alitaka vipande vya tangawizi na ganda la ndimu vibaki chini ya glasi. Alisema ndivyo mgeni anavyojua kwamba kitu ni kibichi, hakikutoka chupani.

Sikuwahi kuonja. Nilikuwa nimeokoka tangu nikiwa msichana mdogo kwetu Omugo, upande wa Terego, nimeahidi mbele ya kanisa kwamba pombe haitapita midomoni mwangu. Nilijua kimekaa sawa kwa harufu, na kwa povu jembamba linalobaki juu.

Mume wangu alikuwa fundi wa malori, mtu wa Abuku, upande wa Koboko. Vita vilipofika kwetu tulivuka mpaka kuingia Zaire pamoja na watu wake. Huko ndiko alikofia. Alikula chakula nilichopika mimi, maharage na muhogo, akashikwa na tumbo, na kabla hakujakucha hakuwapo tena. Mimi na wasichana wetu wawili tulikula chungu kilekile. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Hakuna daktari aliyemwona. Sijui kilichomuua, na sasa sitajua.

Tuliporudi Abuku, miaka ya themanini ikiwa imekwenda sana, nilikaa katika boma la baba yake. Hakuna aliyenisema. Lakini wifi yangu ndiye aliyempikia baba mkwe. Nikimpelekea maji, aliyapokea kwa adabu, akayaweka karibu na mguu wa kiti, na jioni nilikuta yako palepale, yameingia majani. Mtu wa kwetu haelezwi maana ya hayo. Kuna sumu, kwa Kilugbara tunaiita enyanya, na watu huiogopa kuliko simba. Hutiwa katika kinywaji, na hutiwa na mtu unayemjua.

Basi ikawekwa siku ya kumaliza matanga ya mume wangu, ambayo hatukuweza kuyafanya ugenini. Siku hiyo mjane humhudumia baba mkwe kinywaji kwa mkono wake, mbele ya wazee. Akinywa, mjane ni mtu wa nyumbani, anakaa na watoto wake. Akikiacha, mjane anarudi kwao, na watoto wanabaki, kwa kuwa ni wa ukoo. Kila mtu Abuku angejua kwa nini nimerudi Omugo bila wasichana wangu.

Wajane wengine walipeleka pombe ya mtama. Mimi niliona pombe ya mtama itapikwa na wifi, itakuwa yake. Nilitaka kitu cha mkono wangu. Baba mkwe alikuwa askari wa zamani, tangu enzi za Waingereza, na akikaa na wenzake alisifu sana brandi ya kambini. Mjomba wangu, aliyekuwa akifanya biashara mpakani, akaniletea chupa iliyofika nusu. Asali niliipata kwetu Terego, nyeusi, yenye harufu ya moshi. Barafu hatukuwa nayo, nikatumia maji ya mtungi uliokaa kivulini. Cha kutikisia kilikuwa kopo la maziwa ya unga, mfuniko wake nimeukaza kwa kipande cha kitambaa.

Siku ile sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Niliponda tangawizi mpaka ikawa uji, nikaitupa, nikaponda nyingine. Wazee walipokaa niliingia ndani, nikafunga mlango kwa sababu ya vumbi, nikatengeneza vizuri kuliko nilivyowahi kutengeneza kilimani. Nikatoka na glasi ya kuazima juu ya sinia. Nikapiga magoti.

Baba mkwe aliipokea. Akaiinua kwenye mwanga.

"Nini hii iko chini?"

"Tangawizi, baba. Na ganda ya ndimu."

"Tangawizi gani inacheza hivi?" wifi yangu akauliza kutoka nyuma. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. "Mimi naona iko na miguu."

Watu wakacheka, lakini kicheko kifupi.

Mzee jirani, aliyekuwa ameketi karibu na baba mkwe na kuinusa glasi tangu ilipotoka ndani, akanyoosha mkono. "Lete kwangu. Mimi nikikufa leo, watu watasema ni uzee tu. Hakuna kesi."

"Wewe kaa," baba mkwe akamwambia. Kisha, bila kunitazama: "Ametengeneza wapi?"

"Ndani," wifi akasema. "Mulango amefunga."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwetu kinywaji humiminwa mbele ya macho ya watu, katika kibuyu kimoja, na anayetoa hunywa wa kwanza. Hata mtoto anajua. Mimi nilijua pia. Lakini sikuwahi kugawa pombe kijijini, kwa kuwa nimeokoka. Niliigawa kilimani tu, na mikono yangu ilifanya kama ilivyofanya kilimani. Nilikuwa nimemletea mzee huyu, katika siku hii, glasi yake peke yake, iliyochanganywa nyuma ya mlango, yenye vitu chini.

"Mama," baba mkwe akasema, "kunywa kwanza."

"Yeye iko mulokole," wifi akasema. "Hawezi kunywa. Na hiyo alijua mbele."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi niliona maneno yake yana akili. Mtu akitaka kumpa mwenzake kitu ambacho hatalazimika kuonja, angeleta nini kama si hiki?

Nikachukua glasi kutoka mkononi mwa baba mkwe nikanywa. Sikunywa kidogo. Nilitaka wote waone koo langu linavyokwenda. Kwanza ukali ulinipanda puani, machozi yakatoka, halafu ndimu, halafu asali ikapita taratibu na moshi wake, na kifua kikawa na joto. Nitasema kweli: nilikipenda. Miaka yote nimetengeneza kitu hicho bila kujua ni kitu gani, na siku ya kumaliza kumlilia mume wangu nilijua, nikasikia utamu, na nikaona aibu kwa kuusikia. Baadaye nilikwenda mwenyewe kuwaambia watu wa kanisa. Walinikalisha benchi la nyuma kwa muda mrefu, na sikubisha.

Nikamrudishia glasi, imebaki nusu. Akaitazama, akanitazama mimi, usoni, kwa mara ya kwanza tangu Zaire. Akaiweka chini ya kiti.

"Mimi nitakunywa kesho," akasema.

"Kesho!" mzee jirani akalia. "Hiyo brandi itakufa kabla ya huyu mama!"

Wazee wakanywa pombe ya mtama ya wifi yangu, wakaondoka. Hakuna aliyeniaga kwa jina la watoto wangu kama ilivyo desturi. Walingoja.

Sikulala. Nilizunguka chumbani, nikakaa, nikasimama. Kila tumbo liliponguruma niliweka mkono juu yake. Najua ni upuuzi. Nilikuwa nimetengeneza kinywaji kwa mikono yangu, najua kila kilichoingia. Lakini nilijua pia kila kilichoingia katika yale maharage. Mtu akitazamwa muda mrefu kama mwenye kosa, huanza kujitazama hivyohivyo. Wasichana wangu waliamka, wakaketi kitandani wakinitazama, nikawaambia walale.

Kulipokucha baba mkwe alikuja mwenyewe, na fimbo yake, wifi nyuma yake amejifunga shuka. Akasimama mlangoni.

"Iko mzima?"

"Niko mzima, baba."

"Tumbo?"

"Hapana kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye kiti chake, akaitoa ile glasi. Ilikuwa imejaa sisimizi. Akaimwaga.

"Tengeneza ingine. Hapa. Nje."

Nikatoa kila kitu, nikakipanga juu ya mkeka mbele ya miguu yake, na yeye akakishika kimoja kimoja. Alinusa chupa ya brandi akafumba macho. Alitia kidole ndani ya asali.

"Ya nani?"

"Ya kwetu, Terego."

"Hm. Watu ya Terego wanajua nyuki," akasema, akalamba kidole tena, ingawa hakukuwa na haja.

Ndimu alizikata mwenyewe kwa kisu chake, akazikamua mwenyewe. Alikuwa na mkwaruzo wa jembe kiganjani na maji ya ndimu yaliingia humo. Niliona taya lake linavyokaza, lakini askari wa zamani hasemi anaumwa mbele ya wanawake. Nilipotaka kutia asali alinizuia.

"Mbona maji ya moto? Unapika?"

"Asali haiyeyuki katika baridi, baba. Itakaa chini."

"Ikikaa chini ni mubaya?"

"Utakunywa kali peke yake, halafu tamu peke yake."

Akafikiri. "Weka maji ya moto."

Kutikisa alimwachia wifi. Nadhani alitaka mkono wa binti yake uwemo. Wifi alilishika kopo kama mtu aliyepewa nyoka, akatikisa kwa hasira, kitambaa kikalegea, mfuniko ukaruka, na sehemu kubwa ikammwagikia kifuani. Alipiga kelele. Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa, na mimi, ambaye sikuwa nimecheka katika boma lile, nilijikuta nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Cheka tu," wifi akaniambia, akijifuta. "Nguo yangu sasa imelewa."

Tukachanganya tena. Safari hii nilichuja kwa kitambaa safi, pasibaki kitu chini, nikamimina katika kibuyu. Nikanywa mimi kwanza, kidogo, kisha nikampa baba mkwe kwa mikono miwili.

Alikishika karibu na mdomo, halafu akakishusha.

"Mutoto yangu alikuwa anapenda hii? Ulikuwa unamutengenezea?"

Nilijua jibu ambalo lingemfurahisha. Lilikuwa limekaa ulimini mwangu tayari. Ningesema ndiyo, na mzee angepata kitu cha kunywa pamoja na mwanawe, na mimi ningekuwa mke aliyemtunza mume kwa vitu vizuri. Wifi aliacha kujifuta. Alikuwa anamjua ndugu yake.

"Hapana, baba. Hakuwahi kunywa hii. Yeye alikunywa chai tu. Chai na sukari mingi, mpaka kijiko kinasimama."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole.

"Iko kweli," akasema. "Tangu mudogo. Mama yake alikuwa anaficha sukari juu ya paa."

"Na alikuwa anapanda," wifi akasema. Sauti yake haikuwa ile ya ng'ambo ya mto.

Baba mkwe akanywa. Alikunywa kama nilivyokunywa mimi jana yake, kichwa nyuma, ili aonekane na boma zima. Akampa binti yake. Yeye akanywa, akakunja uso, akasema ni kali kama dawa ya ng'ombe, akanywa tena. Kibuyu kikarudi kwangu, na nikakishika tu, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa tone.

"Leo utapika wewe," mzee akasema, akiangalia mahali pengine.

Wifi akasimama, kifua chake bado kimelowa, akaniuliza kama kuni zangu zinatosha au aniletee zake. Nikasema zinatosha. Akaenda kuleta zake hata hivyo. Nami nikainuka kuwasha moto, na mlango nikauacha wazi.