Fundi Pettway na Majina Thelathini na Moja

Saa nne asubuhi, Jumamosi, Roscoe Pettway anasimama kwenye baraza ya nyumba ya mbao upande wa mashariki wa Saginaw, Michigan, kofia mkononi. Mfukoni ana karatasi yenye majina thelathini na moja. Ishirini na tisa ameshayakata kwa kalamu. Anabonyeza kengele, kisha anarudi nyuma hatua mbili, maana wiki hii amefukuzwa si mara moja.

Mlango unafunguliwa na Odessa Tibbs, bibi wa miaka sitini na sita anayelea wajukuu wawili. Hamkaribishi ndani.

"Nimeshasikia," anasema. "Ila niambie wewe mwenyewe, nikuone usoni."

Roscoe anamwambia. Vigae ambavyo Odessa alivikwangua Agosti kwenye shule ya wajukuu wake, yeye na wazazi wenzake, vilikuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na vumbi lake wamelivuta. Kliniki ya kaunti itawaandikisha na kuwapiga picha za mapafu bila malipo, lakini lazima kila mtu aende mwenyewe aseme alikuwepo.

"Na wewe ulikuwepo," anasema Odessa.

"Nilikuwepo, mama. Mimi ndiye niliyewagawia vyuma vya kukwangulia."

Roscoe, mwenye miaka hamsini na tisa, alikuwa msimamizi wa majengo wa Shule ya Lapham hadi Ijumaa ya wiki iliyopita. Lapham ni shule ya mkataba: jimbo huwalipia wanafunzi, bodi ya raia huiendesha, lakini jengo mnajitafutia wenyewe. Wao walipata supamaketi iliyofungwa miaka tisa, yenye panya na harufu ya maziwa yaliyochacha. Kazi ya kuigeuza madarasa akatupiwa Roscoe, ambaye kabla ya hapo alitumikia kiwanda cha kuyeyusha chuma miaka kumi na tisa. Mshahara wake ulikuwa dola elfu thelathini na nane kwa mwaka, na rangi nyingi alizopaka aliomba madukani, makopo ambayo wateja waliyakataa.

Ana mtindo wake wa kazi. Kabla ya kujenga ukuta huuchora sakafuni kwa utepe wa bluu, kisha huwaita walimu watembee ndani ya chumba ambacho bado hakipo.

"Mwalimu akisema hapa pananibana, nahamisha utepe," anasema. "Ni rahisi kuliko kubomoa ukuta."

Juni alichora ramani na kuweka alama tatu mahali pa kuchukua sampuli za sakafu zipimwe asbesto. Maabara ikazipitisha zote. Julai mwalimu wa chekechea akalalamika kwamba chumba chake ni kidogo, na Roscoe akausogeza utepe futi kumi na mbili nyuma, hadi pale palipokuwa na tanuri za mikate zamani. Utepe ulihama, alama za sampuli zikabaki zilipokuwa. Huko nyuma, chini ya vigae vya juu, kulikuwa na vingine vya inchi tisa vilivyogandishwa kwa gundi nyeusi.

"Kila fundi wa rika langu anajua vigae vya inchi tisa mara nyingi vina asbesto," anasema, na sauti inapungua. "Niliviona. Nikajiambia, si maabara imeshapitisha sakafu? Nilikuwa na haraka, na wazazi walikuwa wameshafika."

Wazazi wa Lapham hutia saini kila mwaka kuitumikia shule yao saa ishirini. Wengine hupika, wengine huwavusha watoto barabara. Agosti, thelathini na mmoja walikwangua sakafu Jumamosi mbili, feni ikivuma na redio ikiimba. Mchana waliagiza piza, wakaila wamekaa humo humo vumbini.

Mwezi uliopita mkaguzi wa majengo aliokota kipande kwenye kona ya chumba hicho na kukipeleka maabara. Jibu lilipokuja, Roscoe aliziba chumba kwa plastiki kabla hata chekechea hawajahamia, kisha akaenda kwa mkuu wa shule.

Jumatano ijayo ni siku ya kuhesabu, siku ambayo jimbo huhesabu watoto waliomo madarasani, na fedha za shule kwa sehemu kubwa hufuata hesabu hiyo.

"Subiri Jumatano ipite, Roscoe," mkuu alimwambia. "Wakisikia leo watawatoa watoto, na tutafunga milango."

Roscoe akaweka funguo mezani, akaacha kazi na kuanza kuwazungukia wazazi mwenyewe. "Si mtu mbaya yule," anasema. "Anaipenda ile shule. Hata mimi naipenda. Lakini mapafu ni ya watu."

Tangu hapo watoto kumi na tisa wameondolewa. Baba mmoja alimpokonya kofia na kuitupa barabarani. Daktari wa kliniki anasema hatari ya Jumamosi mbili ni ndogo, ila ipo, na ugonjwa huweza kuchukua miaka ishirini au zaidi kujitokeza.

"Nitakuwa na themanini na sita," anasema Odessa. "Basi mimi nimepona. Wasiwasi wangu ni hao vijana." Anaitazama karatasi. "Amebaki nani?"

"Keturah."

Keturah ni binti yake Roscoe, ana miaka thelathini na mmoja, na mwanawe yuko darasa la pili Lapham. Kila jioni ya zile Jumamosi, wenzake walipoondoka, alibaki akafagia chumba chote kwa ufagio mkavu, vumbi likimtimkia usoni. "Nilimwambia afagie vizuri, asinitie aibu," anasema Roscoe.

"Umezunguka mji mzima unakwepa nyumba moja," Odessa anamwambia. "Unadhani hajasikia? Nenda, Roscoe. Anakungoja."

Ni mwendo wa dakika sita. Njiani anaeleza mpango wake: Jumatatu saa tatu ameomba nafasi mbili kliniki, ya binti yake na yake mwenyewe. Anatumaini Keturah atakubali wapande gari moja. Zaidi ya hapo hajapanga kitu, na kazi hana.

Keturah amekaa kwenye ngazi za nyumba yake, koti limefungwa hadi shingoni. Baba yake anavua kofia.

"Mimi ni wa ngapi?" anauliza Keturah.

"Wa thelathini na moja."

Keturah anasogea kidogo pembeni kumpa nafasi ya kukaa, lakini hamtazami. "Haya, anza. Niambie kama ulivyowaambia wengine."