Udongo wa kumpa mgeni

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya kata huku Ngara, nilimkuta mama mmoja wa makamo amebwaga miche ya kahawa iliyokauka juu ya meza ya bwana shamba.

"Mama, udongo mlioniletea nikaupima ulikuwa mzuri sana," alisema bwana shamba, bila kuinuka wala shikamoo.

"Ule ulitoka kwenye migomba, nyuma ya nyumba. Tunamwaga samadi na majivu pale miaka yote."

"Na kahawa mmepanda wapi?"

"Kijiji kizima tulipanda kule mlimani, kwenye changarawe. Si ndiko ulikotuambia tupande?"

"Sasa mbona hamkuleta udongo wa mlimani?"

Mama akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Wewe ni mgeni, mwanangu. Ningekuletea kitu kibaya?"

Bwana shamba akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi damu ilinichemka. Mama alikosea, sawa. Lakini huku kwetu hata ndizi za mgeni huchaguliwa, na kila mtu anajua hilo isipokuwa mtaalamu anayesubiri kuletewa udongo mezani kama chai. Miche ya kijiji kizima imekufa kwa sababu yeye hakutaka kuupanda mlima ule.

Na mlima wenyewe anauona kila siku kwenye dirisha la ofisi yake.